Askari Niliyemvua Bunduki

Nilimnunua Mtaa wa Kongo, Jumamosi moja ya mwezi wa sita, kwa shilingi elfu kumi na mbili. Bei ilianzia elfu ishirini. Muuzaji alikuwa ametandika turubai chini, akapanga midoli ya wanajeshi kati ya ndala na chaja za simu, kila mmoja ndani ya boksi lenye dirisha la plastiki. Wangu alikuwa na urefu wa sentimita 30, kofia ya chuma, fulana ya kuzuia risasi, miwani ya jua na bunduki tatu.

"Dada, chukua wawili nikupunguzie. Mtoto wako ana miaka mingapi?"

Nikamwambia si wa mtoto, ni babu yangu. Akacheka, akanifungia kwenye mfuko mweusi na kuniambia nimsalimie.

Sikuwa natania sana. Kwenye somo la historia ya umma, katika shahada yangu ya uzamili, tulipewa kazi moja: eleza tukio la zamani kwa kitu ambacho mtu anaweza kukizunguka na kukitazama, si kwa insha. Wenzangu walichagua ramani, picha, sauti za wazee. Mimi nikaamua kutengeneza dayorama, yaani kipande kidogo cha mahali na watu wake, ndani ya sanduku la kioo. Mada yangu ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia hapa kwetu, na mhusika wangu alikuwa babu wa baba yangu, Mnyamwezi wa Tabora, ambaye kwa miaka yote niliyoishi duniani nimesikia alikuwa askari wa Mjerumani.

Watengenezaji wa vielelezo vya aina hii huita kipimo cha mdoli wangu moja kwa sita. Mtu wa sentimita 168 anakuwa wa sentimita 28. Ni kipimo kikubwa, kifungo cha shati kinaonekana. Faida yake ni kwamba huhitaji kuchonga mwili kuanzia mwanzo. Unanunua mwanajeshi aliye tayari, unamvua, unambadilisha. Ubaya wake nilikuja kuujua baadaye.

Mwanajeshi huyo aliye tayari ana ukoo wake. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa G.I. Joe, mdoli wa karibu inchi 12 mwenye viungo vinavyokunjika, wa kuchezewa na wavulana. Walimpa kovu shavuni, na kwa bahati mbaya au kwa makusudi kucha ya kidole gumba ikawa upande usio wake. Alama hizo zikasaidia kuwatambua waliomuiga. Mwaka 1966 Palitoy wa Uingereza wakamtoa ndugu yake, Action Man. Midoli ya Mtaa wa Kongo ni vitukuu vya hao wawili, wasio na jina la kampuni, waliopita kwenye viwanda vya China na kushuka bandarini kwetu ndani ya makontena.

Kuna jambo moja la mwaka 1965 ambalo sikulijua mpaka nilipokaa na kisu na mdoli mkononi. Mwaka huo Hasbro walitoa G.I. Joe wa kwanza mweusi. Hawakuchonga uso mpya. Walichukua kalibu ileile ya yule Mzungu, wakabadilisha rangi tu ikawa kahawia. Pua ileile, midomo ileile, kovu lilelile. Wangu pia alikuwa hivyo. Kwa mbali ni mweusi, ukimsogeza kwenye taa unaona ni Mzungu aliyepakwa rangi.

Basi nikaanza na kichwa. Kichwa cha midoli hii ni cha plastiki laini; ukikivuta kikavu, shingo inavunjika. Nilikitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto dakika mbili, kikalegea, kikatoka bila ugomvi. Nikapunguza ncha ya pua kwa wembe, nikajenga mashavu na midomo kwa gundi ya mirija miwili inayokandwa kama unga na kuwa ngumu kesho yake, nikasugua kwa msasa laini. Kosa langu lilikuwa kufuta macho ya zamani kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Plastiki ikaanza kunata kama ubani, na mpaka leo jicho lake la kushoto ni dogo kuliko la kulia. Nikaacha hivyo. Sijaona mtu ambaye macho yake yako sawasawa.

Sare ilinichukua wiki mbili. Maaskari wa jeshi la kikoloni la Kijerumani, Schutztruppe, walivaa kaki, vitambaa vya kuzungushia miguu kutoka kifundoni hadi chini ya goti, na tarbushi iliyofunikwa kwa kitambaa cha kaki chenye mkia wa kukinga shingo dhidi ya jua. Kaki ya dukani ni nene mno kwa mtu wa sentimita 30. Inamkaa kama gunia. Nikanunua marekani, ile pamba nyeupe isiyopaushwa, nikailoweka usiku kucha kwenye chai ya rangi iliyokolea. Ikatoka na rangi ya vumbi, rangi hasa niliyoitaka. Fundi cherehani wa jirani alikata shati na kaptura akinicheka. Tarbushi ilikuwa kizibo cha chupa ya maji. Bunduki niliichonga kwa mbao: Mauser ya modeli ya 1871, ambayo maaskari wengi walikuwa bado nayo vita ilipoanza. Ilipiga risasi moja moja, na baruti yake ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali ulipo.

Alipokamilika nilimsimamisha dirishani. Kwa kweli alipendeza. Alisimama kama mwenzake wa shaba aliye kwenye mzunguko wa Mtaa wa Samora na Maktaba.

Huyo wa shaba ninampita kila ninaposhuka mjini, na nilidhani ninamjua. Sanamu ya Askari iliwekwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, na singe ya bunduki yake inaelekea bandarini. Kabla yake, wakati wa Wajerumani, mji huu ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa zamani, aliyesimama juu huku askari mweusi akiwa chini miguuni pake, ameinua uso kumtazama. Waingereza waliuteka mji mwezi Septemba 1916, Wissmann akaondolewa. Mwaka 1922 akasimamishwa Hamburg, mbele ya chuo kikuu, mpaka wanafunzi wa huko walipomwangusha mwaka 1968. Kwa hiyo ndani ya miaka michache yule mtu wa chini alipandishwa juu, akabadilishwa sare, akawa wa Mwingereza. Nilipokuwa nashona nilijiona nimo kwenye kazi hiyohiyo ya kumgeuza askari.

Nilimpiga picha, nikaituma kwenye simu ya shangazi anayeishi na Bibi Tabora. Jioni shangazi akapiga na kumpa Bibi simu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

"Nimekula Bibi. Umemwona mzee?"

"Nimemwona mtu. Ni nani?"

"Ni baba yako, Bibi."

Akanyamaza. Nikamsikia akimwambia shangazi asogeze simu, arudie kuonyesha. Kisha akauliza, "Mbona ana bunduki?"

"Si alikuwa askari wa Mjerumani?"

"Nani kasema?"

"Baba."

"Baba yako kazaliwa mzee keshakufa miaka minne. Mimi ndiye niliyekuwa namkanda bega." Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kisimani. Bega la kulia la baba yake lilikuwa na sugu, kubwa kama nusu ya limau, ngumu, nyeusi kuliko ngozi yake. Wakati wa baridi ilimuuma. Bibi, akiwa binti mdogo, alipewa kazi ya kuipaka mafuta ya nyonyo na kuikanda. "Bunduki haifanyi sugu ile. Ule ulikuwa mzigo."

Nikamuuliza basi habari ya askari ilitoka wapi. Akasema ni kaka zake. Miaka ya mwanzo baada ya uhuru, habari zilienea kwamba Wajerumani watawalipa maaskari wao wa zamani. Habari hizo zilikuwa za kweli: baada ya Lettow-Vorbeck, kamanda wao, kufa mwaka 1964, serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa wazee waliobaki. Inasimuliwa kwamba wale wasiokuwa na cheti walipewa fagio na kuamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki, na walioweza wakalipwa. Kaka zake Bibi walifikiri labda watoto nao watapewa kitu. Wakaanza kusema mzee alikuwa askari. "Hawakupata hata senti. Ila neno lilishatoka mdomoni, likabaki."

Wapagazi hawakuitwa kwenye foleni ile.

Usiku huo sikulala mapema. Nilikuwa na wiki tatu kabla ya kukabidhi kazi, na mtu wangu alikuwa amekosewa kuanzia kofia. Nilifikiria kunyamaza. Wahadhiri wasingejua, na baba angefurahi. Lakini ningekuwa nimetumia miezi miwili kutengeneza fagio jingine la kushikia gwaride.

Asubuhi nilimvua.

Hapo ndipo nilipouona ubaya wa kununua mwili ulio tayari. Mikono yake ilikuwa imekunjwa kwa ajili ya bunduki, kidole cha shahada kimejitenga kikisubiri kufyatua. Kifua kilikuwa kama cha mcheza filamu. Shingo ilikuwa haiinami, kwa sababu mwanajeshi wa kuchezea anatakiwa atazame mbele. Nilizunguka Kariakoo siku nzima, Kongo, Mkunguni, mpaka Msimbazi, nikitafuta mdoli mwenye viganja vilivyofunguka. Wapo wa kike, mikono yao laini ya kushikia mkoba. Wa kiume wote ni wapiganaji. Unaweza kununua askari wa kila namna, ila mtu aliyembebea askari chakula hauzwi popote.

Na walikuwa wengi kuliko maaskari. Vita ilipoanza Schutztruppe ilikuwa na maaskari wasiozidi 3,000. Wapagazi waliotumikia upande wa Waingereza peke yao, katika vita vyote, wanahistoria wanawakadiria kufikia milioni moja, na vifo takriban 95,000. Wapo wanaoona hesabu hiyo ni ndogo. Sababu ya wingi huo ni ya kawaida kabisa. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, lakini Wajerumani waliporudi nyuma mwaka 1916 walibomoa madaraja yake. Kilichobaki ni njia ya miguu na bega la mtu. Mzigo wa kawaida ulikuwa yapata kilo 25, bila kuhesabu blanketi lake na sufuria yake. Wengi waliokufa hawakufa kwa risasi. Waliharisha damu, walishikwa na malaria na nimonia, na walikula unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa nusunusu, wakati wengine wao walikuwa wamelelewa kwa ndizi au wali.

Kikosi hicho Waingereza walikiita Carrier Corps. Dar es Salaam kambi yake iliwekwa kwenye jengo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelianzisha kabla ya vita na halijatumika. Wenyeji wakalitamka jina kama masikio yalivyolipokea, wakapata Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao. Soko lilifunguliwa mwaka 1923, jengo la Beda Amuli likalichukulia nafasi mwaka 1975, likaungua Julai 2021, likajengwa tena, jina halikuguswa. Kila siku makondakta wanaliita kwa sauti. Sanamu mjini ina maandishi yaliyotungwa na Rudyard Kipling, nayo yanawataja wapagazi, lakini aliyepandishwa juu ya jiwe ni askari. Wapagazi walipata soko.

Kwa ninavyojua babu hakufika Kariakoo. Bibi anasema alichukuliwa na Wajerumani, akatoroka, akarudi kwao, kisha Wabelgiji walipoiteka Tabora mwezi Septemba 1916 wakamchukua tena. Bega moja, majeshi mawili. Hili nalo lilinisumbua kwenye meza. Sare humwambia mtazamaji huyu ni wa upande gani, na babu hakuwa na sare wala upande. Nilimfunga kitambaa cha marekani kiunoni, nikamwacha kifua wazi, nikaliweka blanketi shingoni.

Viganja nilivikata kifundoni, nikachonga vingine kwa gundi ileile juu ya nyaya nyembamba. Kifua nilikipunguza kwa kisu na msasa mpaka plastiki ikabaki nyembamba kama ganda la yai, nikachora mbavu. Shingo niliikata nikaiinamisha kushoto. Begani, kwa tone moja la gundi lililokandwa kwa ncha ya sindano, nikaweka sugu.

Kisha mzigo. Nilitaka uwe na uzito wa haki, nikapiga hesabu. Kwenye kipimo cha moja kwa sita, urefu, upana na kimo vyote vinagawanywa kwa sita, kwa hiyo uzito unagawanywa kwa 216. Kilo 25 zinakuwa gramu 116 hivi. Nikatengeneza sanduku la mbao, nikalijaza mchanga, nikalipima dukani kwa Mangi mpaka likafika gramu hizo. Nikaliweka begani. Goti la kulia likakunjika, mtu akaanguka kifudifudi. Nikamwinua, nikakaza viungo kwa gundi. Akaanguka tena, safari hii kifundo cha mguu kikavunjika. Yule yule aliyesimama na Mauser kwa mwezi mzima dirishani bila kuyumba.

Nilikaa sakafuni nikicheka, halafu nikaacha kucheka.

Nilimtia kwenye mfuko, nikaenda naye Kariakoo, kwa sababu huko wako wanaojua. Karibu na kituo cha mwendokasi cha Gerezani kuna vijana na wazee wanaobeba marobota ya mitumba kwa ujira. Mmoja, mtu mzima mwenye kanzu iliyokatwa mikono, alikuwa amepumzika juu ya mkokoteni. Nilimwamkia, nikamwonyesha, nikamweleza tatizo. Hakushangaa hata kidogo. Alimchukua babu mkononi kama fundi anayepokea redio mbovu.

"Umemsimamisha kama askari," alisema. "Mtu mwenye mzigo hasimami hivi. Magoti yasikazwe, yakikazwa anaanguka. Mguu mmoja nyuma. Na macho. Huyu anatazama wapi? Mbele huko kuna nini? Mwenye mzigo anatazama pa kukanyaga." Kisha akagusa bega. "Hii nini?"

"Sugu."

Akavuta ukosi wa kanzu yake kidogo, akanionyesha ya kwake, akaurudisha. Nyuma yetu kijana mmoja alipita na robota akipiga kelele, "Mzigo! Mzigo! Chunga mgongo!" Tukasogea.

Nilimvunja upya magotini, nikapitisha waya mnene kutoka nyonga hadi nyayo, nikamsimika nao kwenye ubao. Niliyakunja magoti, nikaurudisha mguu wa kushoto nyuma, nikauinamisha uso. Niliporudisha sanduku begani, alisimama.

Baba alikuja kuniona wiki ya kukabidhi. Nilikuwa nimeshamwambia kwa simu, na kwa simu alikuwa amesema neno moja tu kisha akakata: "Kwa hiyo unataka watu wajue tulikuwa makuli?" Nilijua sina jibu la kumpa. Amelelewa na hadithi ya askari. Shuleni, walipofundishwa kwamba babu zao walitawaliwa, yeye alikuwa na wake mwenye bunduki. Mimi nilikuwa nimeiondoa kwa wembe.

Alikaa kwenye kiti changu pekee, akavua miwani, akamsogelea. Njia niliyoitengeneza ilikuwa ya udongo mwekundu niliouchota Pugu, nyasi za kamba ya katani. Alimtazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Nilidhani atauliza bunduki nimeitupa wapi. Ilikuwa kwenye droo, bado ipo.

"Hana viatu," alisema.

"Hawakupewa."

"Kwenye mzigo kuna nini?"

Nikamwambia ni mchanga. Akasema hapana, ule wa kweli. Nikamwambia nilimuuliza Bibi swali hilohilo. Bibi alijibu kwamba baba yake hakuwahi kusema, na labda hakuambiwa. Alichosema ni kwamba ulikuwa mzito upande mmoja.

Baba akanyoosha kidole, akalisukuma lile sanduku dogo kwa nyuma, kidogo sana, mpaka likakaa vizuri begani.